Tujiandae Kazini Kabla Mlipuko Haujafika

Ukurasa huu wa afya umekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya usafi wa nyumbani. Leo tutoke nyumbani twende kazini. Mtu mzima hukaa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Hapo hunywa maji, hula chakula cha mchana, huenda chooni, na hushika vyombo vilivyoshikwa na wenzake. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia kazini asubuhi, jioni hufuatana na wafanyakazi hadi majumbani kwao.

Mfano wetu leo ni kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Viwanda vya namna hii viko vingi katika Mkoa wetu wa Singida. Lakini somo hili linawahusu pia wenye mashine za kusaga, maghala ya ushirika, gereji, shule, maduka na minada ya ng'ombe.

MLIPUKO NI NINI?

Mlipuko wa ugonjwa ni pale ugonjwa wa kuambukiza unapowapata watu wengi kuliko ilivyo kawaida, mahali pamoja na kwa muda mfupi. Kwa ugonjwa kama kipindupindu, hatungoji wawe wengi. Mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha kuitwa mlipuko.

Huenda mtu akasema, "Sisi tuko Singida, mbali na pwani na mbali na mipaka. Magonjwa hayo yatufikieje?" Ndugu msomaji, barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza inapita hapa kwetu. Malori yanayokuja kuchukua mafuta, mashudu na vitunguu hayakuanzia safari Singida. Dereva na tingo wake wamelala kwingine, wamekula kwingine, na leo wanakunywa maji ya kiwandani kwetu.

Tazama mambo yaliyotokea. Kipindupindu kilitajwa Tanzania katika mwaka 1974, na mlipuko mkubwa ukafuata mwaka 1977. Mwezi Agosti 2015 kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoani. Hadi mwaka 2018 wagonjwa walikuwa wamezidi 30,000, na waliokufa wamezidi 500. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa, naye alikuwa Arusha. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Mkoa wa Kagera, ukaua watu 6, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya aliyekuwa kazini kwake. Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena Kagera, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo.

Hakuna hata mmoja kati ya milipuko hiyo uliotuma barua ya kutujulisha kwamba unakuja. Ndiyo maana tunajiandaa mapema.

KISA CHA MPAKIAJI

Sasa nitawasimulia kosa langu mwenyewe, ili lisiwapate wengine.

Msimu mmoja wa alizeti, kijana mmoja alikuja zahanati asubuhi na mapema. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia kiwandani. Alikuwa anahara tangu usiku. Nilimpima, nikampa pakiti za ORS, nikamwambia, "Kapumzike nyumbani siku tatu. Kunywa maji haya kila unapohara, na unawe mikono kwa sabuni." Akaitikia, "Sawa, daktari." Nikaandika jina lake daftarini, nikaona nimemaliza kazi yangu.

Kumbe alitoka mlangoni kwangu akaenda moja kwa moja kiwandani, akabeba magunia mpaka jioni. Kiwandani palikuwa na pipa moja la maji ya kunywa, na kikombe kimoja juu ya mfuniko. Kila mtu alichovya kikombe hicho pamoja na vidole vyake. Choo kilikuwapo, lakini hapakuwa na maji ya kunawa.

Siku chache baadaye wenzake 5 walikuwa wanahara. Mmoja aliletwa kwa pikipiki, ameshikiliwa na ndugu yake. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ukiifinya hairudi upesi. Tulimtundikia dripu. Tulitoa taarifa wilayani, na vipimo vikachukuliwa. Kwa bahati haikuwa kipindupindu, na wote walipona.

Jioni moja nilimfuata yule kijana. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, nilikuambia upumzike. Mbona ulikwenda kazini?"

Akajibu, "Daktari, sisi tunalipwa kwa gunia. Nisipobeba, silipwi. Na nikikosa siku tatu, nikirudi nakuta nafasi yangu ina mtu mwingine. Watoto wangu wangekula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfundisha kunawa mikono, lakini sikuwa nimemwuliza atakula nini akipumzika.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba maandalizi ya mahali pa kazi huanza na swali moja: mgonjwa akikaa nyumbani, hasara itabebwa na nani? Kama jibu ni "atajijua mwenyewe," basi mgonjwa ataficha ugonjwa wake na kuja kazini. Hapo hata mkiweka ndoo kumi za kunawia hazitatosha.

HATUA YA 1: KAENI KIKAO, MKUBALIANE JUU YA MGONJWA

Nilikwenda kumwona mzee mwenye kiwanda. Nilimwamkia, akanikaribisha kivulini. Nilipomweleza habari za malipo ya mgonjwa, alisema, "Mwanangu, nikimlipa kila anayesema tumbo linamsumbua, kesho watakuja kumi."

Neno lake lilikuwa na maana. Basi tukachukua daftari la mizani, tukapiga hesabu pamoja. Ifuate hesabu hiyo nawe, ndugu msomaji.

Mpakiaji mmoja akikaa nyumbani siku 3 kwa nusu ya ujira, kiwanda kinatoa ujira wa siku 1 na nusu. Wenzake 5 walipougua, kila mmoja alilala siku 4. Zidisha 5 kwa 4, unapata siku 20 za kazi zilizopotea. Tena mashine ilisimama, na wakulima waliokuja na alizeti yao wakaipeleka kwingine.

Mzee aliitazama hesabu ile kwa muda. Kisha akasema, "Waite wote, tuzungumze."

Katika kikao walikubaliana mambo manne:

Kwanza, mfanyakazi anayehara, anayetapika au mwenye homa asiingie kazini, bali aende zahanati siku hiyo hiyo.

Pili, akileta karatasi ya zahanati, atalipwa nusu ya ujira wa kawaida wa kutwa hadi siku 3. Karatasi hiyo inamlinda mwenye kiwanda asidanganywe.

Tatu, nafasi yake haichukuliwi. Anayeshika kazi yake ajue kwamba anaishika kwa muda.

Nne, wafanyakazi wenyewe wanachanga kidogo kila wiki katika mfuko wa kusaidiana. Mfuko huo unamwongezea mgonjwa fedha ya unga, na mweka hazina wake wanamchagua wao.

Mwenye kuhara asirudi kazini mpaka siku 2 zimepita tangu kuhara kukome. Aliyelazwa kwa kipindupindu hurudi kwa ruhusa ya wahudumu wa afya.

Tujue pia kwamba sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atunze afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Lakini mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida hapati likizo hiyo. Vibarua wetu wengi wa msimu wako katika hali hiyo. Ndiyo sababu makubaliano ya kikao ni ya lazima.

HATUA YA 2: ZIJUENI NJIA ZA UGONJWA

Hatuwezi kujua ni ugonjwa gani utakaokuja. Lakini tunaweza kuzijua njia unazopitia. Njia kubwa ni tatu.

Njia ya mdomo. Vijidudu hutoka katika kinyesi au matapishi ya mgonjwa, huingia katika maji, chakula au mikono, kisha huingia mdomoni mwa mtu mwingine. Hii ndiyo njia ya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu.

Njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akizungumza, vijidudu hutoka na kuvutwa na wengine. Hii ndiyo njia ya UVIKO-19, mafua, surua na kifua kikuu.

Njia ya kugusa. Damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa, au wa maiti, humwambukiza anayeyagusa. Hii ndiyo njia ya Marburg na Ebola.

Ukiziba njia hizi tatu umejiandaa kwa magonjwa mengi kwa mara moja, hata yale ambayo bado hujayasikia.

HATUA YA 3: ZIBENI NJIA YA MDOMO

Singida ni nchi kavu. Wakati wa kiangazi watu huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Maji yakiwa machache, mtu huona kunawa mikono ni kuyapoteza. Lakini kunawa hakuhitaji maji mengi. Ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi, hutoa maji kidogo kidogo na kuwatosha watu wengi. Weka viwili: kimoja mlangoni mwa choo, kingine mahali pa kulia chakula. Weka na sabuni, uitoboe na kuifunga kwa kamba isipotee. Kila anayenawa asugue mikono kwa muda wa sekunde 20.

Mnakumbuka mwaka 2020 ndoo za kunawia zilikuwa kila mlango. Leo nikipita naona nyingine koki zimevunjika, na nyingine zimechukuliwa kubebea mashudu. Ndoo bila mtu wa kuijaza ni pambo tu. Chagueni mtu kwa zamu, jina lake liandikwe ukutani.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya kusafisha maji kwa kufuata maelezo ya pakiti. Yawekwe katika chombo chenye mfuniko na koki, na kila mtu awe na kikombe chake. Kile kikombe kimoja cha juu ya pipa kiondoke leo.

Choo kiwe na mlango, mfuniko wa tundu na sakafu inayosafishika. Kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Madereva na wakulima wanaoleta alizeti nao wakitumie. Mgeni asiyeonyeshwa choo atakwenda vichakani.

Msimsahau mama lishe. Yeye hulisha kiwanda kizima, hivyo naye aitwe kikaoni. Chakula kiliwe cha moto, vyombo vikaushwe juu ya kichanja, na matunda yaoshwe kwa maji safi. Naye akiugua apewe haki ile ile ya kupumzika bila kupoteza nafasi yake.

HATUA YA 4: ZIBENI NJIA YA HEWA

Fungueni milango na madirisha ya kiwanda na ya ofisi. Malipo yafanyike nje kivulini, watu wasisongamane mlango mmoja. Anayekohoa azibe mdomo kwa kiwiko au kitambaa. Ugonjwa wa hewa ukitangazwa, wavaeni barakoa wanaofanya kazi ndani.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Vumbi la alizeti huwakohoza watu, nao huzoea kusema, "Ni vumbi tu." Mtu akikohoa kwa wiki 2 au zaidi aende kupimwa kifua kikuu. Kipimo na dawa hutolewa bila malipo.

HATUA YA 5: WEKENI SANDUKU LA AKIBA

Tafuteni sanduku lenye mfuniko, lisiwe la kazi nyingine. Ndani yake muwe na:
- pakiti za ORS zisizopungua 10, na chupa safi ya lita 1 ya kupimia;
- sabuni;
- glavu za mpira na barakoa;
- klorini ya maji, ile inayouzwa madukani kwa kuondoa madoa;
- ndoo moja na matambara ya kufutia;
- karatasi yenye namba ya simu ya zahanati, ya afisa afya wa kata, na namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kuipiga ni bure.

Kila mwanzo wa mwezi sanduku likaguliwe. Pakiti iliyotumika irudishwe nyingine, na iliyopita muda wake itolewe.

Jifunzeni kuchanganya klorini. Kama chupa imeandikwa nguvu ya 3.5 kwa mia, chukua kipimo 1 cha klorini na vipimo 6 vya maji. Mchanganyiko huo ni wa kumwagia matapishi na kinyesi. Uache kwa dakika 10 ndipo ufute, ukiwa umevaa glavu. Si wa kunywa wala kunawia mikono. Uchanganywe siku ile ile ya kutumika, na usichanganywe na dawa nyingine yoyote.

SIKU UGONJWA UKIINGIA

Mfanyakazi akianza kuhara na kutapika ghafla akiwa kazini, fanyeni hivi.

Mweke kivulini, mbali kidogo na wenzake, na mtu mmoja tu amhudumie. Futa pakiti 1 ya ORS katika lita 1 ya maji safi na salama, aanze kunywa papo hapo. Kama pakiti zimekwisha, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji hayo. Vijiko viwe vya kusawazishwa juu, visiwe vya kilima.

Kisha apelekwe zahanati bila kungoja jioni, huku akiendelea kunywa njiani. Kipindupindu kikali huweza kumwua mtu kwa saa chache. Lakini akitibiwa mapema na vizuri, karibu wote hupona.

Kama mgonjwa ana homa kali na anatoka damu, au kuna tangazo la Marburg au Ebola, msimguse kwa mikono mitupu. Mtengeni, pigeni simu 199, mngoje maelekezo.

Mwisho, fungueni daftari la mahudhurio. Andikeni kila siku nani alikuwapo, pamoja na madereva na wageni. Ugonjwa ukithibitishwa, daftari hilo litawaonyesha wahudumu wa afya watu wa kuwafuatilia.

Kutoa taarifa hakumaanishi kuwa mtashtakiwa. Kiwanda kilichotoa taarifa mapema husaidiwa mapema. Kiwanda kilichoficha hungoja hadi wagonjwa wawe wengi na shughuli zote zifungwe.

TUMEONA NINI BAADAYE?

Msimu uliofuata nilikuwa nafungua zahanati, nikamkuta mama mmoja amekaa barazani. Yeye hupepeta alizeti katika kiwanda kile kile. Aliniambia, "Daktari, nimeanza kuhara usiku. Nipe dawa, na ile karatasi."

Alikuja siku ya kwanza, kabla ya kwenda kazini. Alikaa nyumbani, akapona, akarudi akakuta nafasi yake. Safari hii hakuna mwenzake aliyeletwa kwangu.

Katika mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza nchini kote. Walisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Tufuate mtindo huo: tusome, tujadiliane, kisha tutende.

KUMBUKA
- Mgonjwa akihofia kukosa ujira na nafasi yake, ataficha ugonjwa.
- Zibeni njia tatu: mdomo, hewa, kugusa.
- Kila kazi ya maandalizi iwe na jina la mtu.
- ORS ianze papo hapo, na mgonjwa apelekwe zahanati bila kuchelewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Mahali penu pa kazi, mtu akiugua leo anapoteza nini? Fanyeni hesabu kama tulivyofanya.
2. Maji ya kunywa yanatoka wapi, na vikombe ni vingapi?
3. Nani kati yenu anajua kufuta ORS? Aonyeshe mbele ya wenzake.
4. Ni mgeni gani anayefika mara nyingi mahali penu pa kazi, na anatumia choo gani?

KAZI YA WIKI HII
Kabla ya Jumamosi, kaeni kikao cha nusu saa. Andikeni makubaliano yenu juu ya mgonjwa katika karatasi moja, myabandike mahali ambapo kila mmoja atayasoma. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Tukutane katika somo lijalo.

Tabibu msaidizi, Singida